Habari Mbaya Ni Mali ya Nani?

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, bibi yangu mzaa baba alifariki siku ya Jumanne na kuzikwa Alhamisi. Mimi niliambiwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, baada ya kumaliza mtihani wa mwisho. Katikati hapo, Ijumaa jioni, nilipiga simu nyumbani kama kawaida, nikaongea na mama kuhusu kodi ya chumba, na kabla ya kukata nikamwomba anisalimie bibi. Mama akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Salamu zitafika."

Sijawahi kugombana na wazazi kwa jambo hilo. Karibu kila niliyemsimulia anasema walifanya vizuri, maana ningefeli. Labda ni kweli. Hata hivyo kuna swali ambalo halijaniacha mpaka leo: ile habari ilikuwa ya nani? Ilikuwa yao, waamue lini wanipe, au ilikuwa yangu na wao walikuwa wameishika tu?

Swali hili limenirudia majuzi kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilikuwa nasoma barua za Abraham Lincoln, nikitafuta siasa. Badala ya siasa nikajikuta ndani ya ugomvi wa ukoo: baba anaumwa, ndugu anaomba hela, mtoto amekufa, nani aende na nani asiende. Kutoka hapo nikahamia kwenye barua za familia nyingine za Marekani za karne ya 19, na sijatoka tena.

Mwanzoni zinachosha, nisiwadanganye. Nani kajifungua, mahindi yamekubali au yamekataa, nani anadaiwa, mtoto gani kaota meno. Nyingi zinaanza kwa kanuni ileile: nashika kalamu kukujulisha kwamba sisi huku ni wazima, na tunatumaini mistari hii michache itakukuta nawe ukiwa mzima. Aliyekulia kwenye barua za Kiswahili atatabasamu hapo. Sisi tulifundishwa kuandika "mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali." Tuliiandika kama pambo tu. Lakini wazia dunia ambayo hakuna simu, na barua inachukua wiki kadhaa njiani. Hiyo "hofu ni kwako" inakuwa na maana yake kamili. Kati ya siku ya kuandika na siku ya kusoma, mtu anaweza kuwa ameshazikwa.

Tena habari ilikuwa na bei. Kabla ya mwaka 1845, barua ya karatasi moja kwenda umbali wa zaidi ya maili 400 iligharimu senti 25, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Umesimama dirishani posta, barua ya ndugu yako iko mkononi mwa karani, na huipati mpaka utoe hela. Sheria ya 1845 ilishusha bei hadi senti 5 kwa barua nyepesi isiyovuka maili 300, na ya 1851 ikafikisha senti 3 kwa iliyolipiwa kabla, hata ikisafiri maili 3,000. Hapo watu wa kawaida, ambao ndugu zao walikuwa wametawanyika kufuata ardhi ya magharibi na dhahabu ya California, wakaandika kwelikweli.

Kuna desturi moja ya wakati ule naipenda. Barua ya msiba ilikuwa na ukingo mweusi, kwenye karatasi na kwenye bahasha. Ukiipokea unajua kabla hujaifungua. Unapata nafasi ya kukaa chini, ya kumwita mtu. Lakini pale pembeni haikuandikwa kwamba mgonjwa hali si nzuri, njoo. Sisi hufanya hivyo sana: mtu ameshakufa tangu asubuhi, aliye safarini anaambiwa "amezidiwa," naye anasali njia nzima aponywe mtu ambaye tayari wanamchimbia kaburi. Ukingo mweusi ulimwandaa msomaji bila kumdanganya. Ni vitu viwili tofauti, na sisi tumezoea kuviita kwa jina moja, busara.

Turudi kwa Lincoln. Baba yake, Thomas, aliishi shambani katika jimbo hilohilo la Illinois, na uhusiano wao haukuwa mzuri. Kiungo chao kilikuwa John D. Johnston, ndugu wa kambo, mtu ambaye kila ukoo unaye. Desemba 1848 aliomba dola 80, na Lincoln akamjibu kwamba hatampa, ila kwa kila dola atakayoipata kwa jasho lake mpaka Mei mosi, atamwongezea nyingine. Mei 1849 Lincoln aliandikiwa kwamba baba anakufa. Akaacha shughuli zake akaenda, akakuta mzee ameshavuka hatari.

Februari 1850 Lincoln alimwandikia Johnston tena. Ndani ya barua hiyo kuna mistari michache ambayo ilinifanya niweke simu pembeni. Anasema, kwa kuwa hujataja, nadhani hujasikia kwamba tumempoteza mtoto wetu mdogo. Aliumwa siku 52, akafa asubuhi ya tarehe mosi. Kisha anafafanua kwamba si yule wa kwanza, ni wa pili. Hebu tulia hapo. Mtoto ameumwa karibu miezi miwili, amefariki, zimepita wiki tatu, na upande wa baba bado anadhani hawajui. Tena anaona ni lazima aeleze ni mtoto yupi. Mtu haelezi hivyo kwa wanaowajua wanawe. Ukimya wa familia hauanzi siku ya msiba. Huwa umeanza zamani, na msiba unaufichua tu.

Januari 1851 ikaja zamu ya mzee kufa kweli. Johnston aliandika barua mbili. Lincoln hakujibu. Ilipofika barua ya tatu, ya ndugu mwingine, ndipo alipoandika, tarehe 12. Anasema si kwamba alisahau. Aliona hana la kuandika litakaloweza kusaidia. Anaagiza wazazi wasikose chochote, jina lake litumike kumleta daktari. Mwenyewe hawezi kuja: kazi zimembana, na mkewe yuko kitandani baada ya kujifungua. Mwambieni baba amkumbuke Muumba wake. Halafu anasema jambo ambalo wengi wetu tumewahi kulihisi bila kuthubutu kulitamka: kama tungekutana sasa, sina hakika kama mkutano huo usingekuwa na uchungu kuliko furaha. Thomas Lincoln alifariki tarehe 17, siku tano baadaye. Mwanawe hakwenda mazishini.

Wapo wanaomhukumu Lincoln kwa barua hii. Mimi nimeisoma mara nyingi na siwezi kumhukumu, ingawa inaniumiza. Ninachokiona ni kwamba aliambiwa. Johnston, pamoja na uvivu wake na kuomba kwake, alifanya wajibu wake: aliandika, akaandika tena, hata baada ya king'ora cha uongo cha 1849. Baada ya hapo uamuzi ulikuwa wa Lincoln. Kutokwenda kulikuwa kwake, na kama kulikuwa na majuto, nayo yalikuwa yake. Hakuna aliyemwibia.

Hapa ndipo hoja ya kwanza ya wafichaji inapokwama. Wanasema, "Hata akiambiwa, atafanya nini? Yuko mbali." Kwamba habari ina thamani pale tu mpokeaji anapoweza kuchukua hatua. Lakini kusikitika nako ni kufanya. Kusali ni kufanya. Hata kukataa kwenda ni kufanya, kama tulivyoona. Mimi Ijumaa ile ningeweza angalau kutotuma salamu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: tunamlinda. Na hapa mfano wangu ni Mark Twain, yaani Samuel Clemens, mcheshi kuliko waandishi wote wa Marekani wa wakati wake. Mwaka 1894 alifilisika. Ili alipe madeni, 1895 alianza ziara ya kuzunguka dunia akitoa mihadhara, pamoja na mkewe Olivia na binti yao Clara. Mabinti wengine wawili, Susy na Jean, walibaki nyumbani. Ziara iliisha Julai 1896, wazazi wakakodi nyumba Guildford, Uingereza, wakiwasubiri mabinti wavuke bahari waungane nao. Badala ya mabinti ikaja barua: Susy anaumwa kidogo. Wakauliza kwa telegramu, maana waya wa chini ya bahari ulikuwepo tangu 1866. Majibu yakawa ya kutuliza. Telegramu ya mwisho kabla Olivia na Clara hawajapanda meli kurudi Marekani ilisema kupona kutachukua muda, ila ni hakika. Walisafiri tarehe 15 Agosti. Tarehe 18 Susy alikufa kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka 24, katika nyumba aliyokulia. Twain aliipokea telegramu akiwa amesimama kwenye chumba cha chakula kule Guildford. Mkewe wakati huo alikuwa katikati ya bahari, bado anatumaini. Kwa siku kadhaa baba alijua, mama hakujua, na hapakuwa na namna ya kumfikia.

Sisemi kwamba kuna mtu alidanganya. Labda madaktari wenyewe waliamini wanachokisema. Ninachosema ni kwamba lile neno "hakika" halikuwa la kwao kulitoa. Lilitolewa kwa huruma, na huruma hiyo iliwanyima wazazi kitu kimoja ambacho hakirudi: kuwa na hofu kwa wakati wake. Tunadhani tukimpunguzia mtu hofu tumempa zawadi. Ila hofu ya mzazi juu ya mwanawe anayeumwa ni sehemu ya mapenzi yake. Ukiichukua, unamwacha akinywa chai na kupanga safari huku maisha yake yakiwa yameshavunjika mahali pengine, na siku akijua, atairudia chai ile kichwani mpaka azeeke. Yeyote aliyewahi kutuma salamu kwa marehemu ananielewa.

Na tuone pia teknolojia ilifanya nini hapo. Telegramu ilivuka bahari haraka kuliko meli yoyote. Haikusaidia. Kasi ya chombo haiponyi woga wa anayekitumia. Sisi leo tuna simu mfukoni, na mtu anaweza kukaa siku 11 bila kujua kwamba amefiwa.

Sasa nije kwenye kesi ngumu, ile inayoweza kuiangusha hoja yangu yote. Mwaka 1859, huko Brentville, Virginia, aliishi mwanamke aitwaye Harriet Newby na watoto wake. Walikuwa watumwa. Mumewe, Dangerfield Newby, aliyezaliwa na mama mtumwa na baba mzungu, alikuwa amepata uhuru kwa kuhamia Ohio, akawa anahangaika kukusanya fedha za kuwanunua mkewe na watoto. Harriet alimwandikia. Barua tatu zimebaki, mbili za Aprili na moja ya tarehe 16 Agosti. Ndani yake kuna habari za nyumbani kama za barua yoyote: mtoto mchanga bado hajatembea, ila anasogea akishikilia vitu. Na kuna habari nyingine: inasemekana bwana ana shida ya fedha, na hajui ni lini anaweza kumuuza. Ninunue haraka, anamwambia, kwa sababu usiponinunua wewe, mwingine atanunua. Katika moja ya zile za Aprili alikuwa ameshamsihi aje msimu wa vuli bila kukosa, awe na fedha au hana.

Dangerfield hakufanikiwa kuwanunua. Alijiunga na John Brown, na Oktoba mwaka huo, msimu uleule wa vuli, alirudi Virginia na bunduki katika uvamizi wa Harpers Ferry. Alikuwa wa kwanza kuuawa katika kundi lile, tarehe 17. Barua za mkewe zikakutwa, na baadaye zikachapishwa katika nyaraka za serikali ya Virginia kuhusu uvamizi huo. Harriet aliuzwa kusini, Louisiana.

Haya, wafichaji wana haki ya kusimama hapa na kuuliza: si ungekuwa wema zaidi kama angeandika "sisi wazima, usijali"? Mume angebaki Ohio, angeishi. Ukweli wa mke ulimpeleka kwenye risasi.

Nimekaa na swali hili muda mrefu, na jibu langu ni hapana, ila si jibu jepesi. Kwanza, ile habari ilikuwa ya Harriet mwenyewe, kuhusu mwili wake na watoto wake. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumwambia ainyamazie. Pili, ilikuwa ya Dangerfield kwa sababu yeye ni mume na baba. Kumficha ili aishi salama kungekuwa kumfanyia uamuzi kuhusu maisha gani yanafaa kuishiwa, na watu waliokuwa wakiwafanyia wao maamuzi ya namna hiyo walikuwa tayari wanatosha. Utumwa wenyewe, ukiutazama kwa upande huu, ulikuwa ni mfumo wa kuamua nani ajue nini kuhusu nduguze. Mama aliweza kurudi kutoka shambani akakuta mwanawe ameshauzwa. Barua ya Harriet ilikataa mfumo huo. Ilimpa mumewe kila kitu katika bahasha moja, mtoto anayejifunza kusimama na bwana anayetaka kuuza, na ikamwachia yeye aamue kama mwanaume huru.

Ukitaka kujua habari ina thamani gani, waulize waliokosa kabisa. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, watu walianza kutafutana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, gazeti la Wamethodisti la New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilikuwa na safu ya matangazo iitwayo "Lost Friends," yaani ndugu na jamaa waliopotea. Mtu anataja jina la mama, jina la bwana aliyemmiliki, mji alikouzwa, majina ya kaka na dada kama anavyoyakumbuka. Wachungaji waliombwa wayasome matangazo hayo kwenye mimbari, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Watu hawa hawakuwa na hakika kama wanaowatafuta wako hai. Walitangaza hata hivyo. Hakuna kati yao, naamini, ambaye angesema, kama mama amekufa, tafadhali msiniambie.

Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata uongo wa kumwokoa rafiki na muuaji hauruhusiwi. Mimi sifiki huko. Kwenye barua hizi nimejifunza kitu kidogo zaidi, ambacho Kiswahili tayari kina neno lake: amana. Habari ya ndugu ni amana. Ukikabidhiwa amana unaweza kuifunga vizuri isivunjike njiani. Unaweza kuchagua saa ya kuifikisha, usimgongee mtu usiku wa manane. Unaweza kumwambia kwanza akae. Huwezi kuigeuza kuwa yako. Na kama mgonjwa mwenyewe amesema mtoto asiambiwe, hilo nitaliheshimu, maana yeye ndiye mwenye amana wa kwanza. Nilimuuliza baba mdogo miaka mingi baadaye kama bibi alisema nisiambiwe. Akafikiri, akasema, "Hakuna aliyemuuliza."

Naandika haya kwa sababu zamu yangu imefika. Mwezi uliopita shangazi yangu alilazwa, na binti yake yuko mbali kikazi, mkataba haumruhusu kurudi kabla ya mwakani. Kikao cha ukoo kilikubaliana asiambiwe kwanza, "asije akaharibu kazi." Nilikuwa kwenye kikao hicho. Nilinyamaza. Nilijua wanachokisema ni mapenzi, na nilijua pia mapenzi hayo yalishanifanya nini.

Siku ya tatu nilimpigia. Nilimwuliza kwanza kama yuko kazini au amepumzika, nikamwambia akae. Halafu nikamweleza kama madaktari walivyosema, bila kuongeza na bila kupunguza. Hakulia. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata, kisha akauliza, "Anakula?" Nikamwambia anakula uji kidogo. Akasema, "Kaka, kesho ukienda, mpe simu niongee naye."

Waliongea dakika 40. Mimi nilitoka nje nikasimama koridoni. Baba mdogo bado hajanisamehe, na shangazi bado yuko wodini.